Nyumba ya Tisa

Alhamisi, 6 Machi

Mahakamani saa tatu. Kesi ya mpaka wa shamba imeahirishwa kwa mara ya nne, hakimu yuko safarini. Mistari minane kwa mhariri. Chakula cha mchana hapana. Kwaresima imeanza jana na nimejiwekea kufunga mchana. Majirani nao wamo kwenye Ramadhani. Mtaa mzima una njaa.

Saa kumi jumuiya, ibada yetu ya nyumba kwa nyumba, zamu ya nyumba ya sita, kwa Mzee Yeremia, mwenyekiti wetu. Watu kumi na wanne. Nimeita majina, nimeweka alama. Nyimbo mbili, somo, maombi, matangazo. Matangazo yamekuwa marefu kuliko somo. Baada ya Pasaka usharika una Juma la Kuwaendea: hema, vipaza sauti, fulana za njano, kwaya tatu. Kabla ya hapo Mchungaji anataka kila jumuiya isafishe daftari. Wasiohudhuria waandikwe. Majina yatasomwa kanisani Jumapili ya tarehe 23. Anayetaka kurudi asimame mbele, atubu, apokelewe. Asiyesimama anafutwa. Aliyefutwa hapati Meza ya Bwana, na akifa kanisa halimziki.

Mimi ni katibu, kwa hiyo kuandika ni kazi yangu. Kwenye daftari langu jina la kuandikwa ni moja tu: Mama Salome, nyumba ya tisa, Ngamiani. Hajaonekana kwa zaidi ya miaka mitano. Kazi rahisi.

Somo la leo lilihusu nini sikumbuki. Nililiandika.

Ijumaa, 7 Machi

Utaratibu unasema anayefutwa aarifiwe kwanza, ana kwa ana. Nimempigia Mzee Yeremia kumuuliza nani alikwenda. Hakuna aliyekwenda. "Andika tu kwamba tulikwenda, Mama Katibu. Yule mama alishajitoa zamani."

Siandiki kitu ambacho hakikutokea. Nitakwenda mwenyewe kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Ngamiani, saa nne. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita vya kupangisha, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Mwenye nyumba, Mzee Bakari, anatengeneza baiskeli barazani. Nikamwamkia, nikamuuliza chumba cha Mama Salome. Akanionyesha kwa bisibisi.

Nilimkumbuka mnene. Amebaki mifupa, mguu wa kushoto umevimba, hashuki kitandani bila kushikwa. Ana miaka sabini na tisa. Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge upande wa Maramba, baba yake alitoka kusini kuja kukata mkonge. Alihamia hapa miaka sita iliyopita, mumewe alipofariki. Shuka lilikuwa safi. Mke wa Bakari humfulia, na humletea uji kabla hajaanza kupika futari.

Sijakaa vizuri akaniuliza nimekuja kwa lipi. Nikamwambia. Hakulia.

"Kumbe njia ya hapa mnaijua," akasema.

Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti. Alipohamia alianza kuja jumuiya nyumba za wengine. Zamu yake ikakaribia. Akaazima mikeka miwili, akanunua sukari. Wiki ile, kwenye matangazo, mwenyekiti akasema zamu ijayo ni nyumba ya kumi. Alidhani ulimi umeteleza. Akakanda maandazi, akatandika mikeka ukumbini, akangoja mpaka giza. Zamu ya pili akatandika tena. Tulikuwa mtaa wa nyuma, alitusikia tukiimba. Hapo akajua si ulimi. Aliamua kwamba hatutaki kukanyaga chumba cha mwanamke aliyepika pombe kambini. Alipika kweli, na aliacha kabla hata sijahamia Tanga. Hakuja tena.

Sasa anataka kitu kimoja. Barua ya usharika, ya kupeleka Maramba, ili akifa azikwe kwa ibada kando ya mumewe, kwenye makaburi ya kanisa. Kanisa la Maramba halimpokei maiti wa usharika mwingine bila barua. Aliyefutwa hapewi barua.

Nilikwenda na fomu ya kusaini. Nimerudi nayo tupu.

Jumapili, 9 Machi

Ibada ya kwanza. Sikusikiliza hata neno.

Nyumbani nimeshusha sanduku la madaftari. Ninayo yote, ya kazi na ya kanisa. La miaka sita nyuma, ukurasa wa zamu. Nyumba ya nane, halafu nyumba ya kumi. Pembeni ya nyumba ya tisa, kwa mwandiko wangu: mwenye nyumba hakubali. Hakuna tarehe. Hakuna jina la aliyesema. Daftari la mwaka uliofuata, maneno yaleyale. Kila mwaka nimenakili.

Miaka thelathini na mbili nimewarudishia vijana wa chumba cha habari kazi zao kwa kosa hilohilo. Nani kasema? Mhusika umemuuliza? Nimewaliza watu kwa maswali hayo mawili.

Nina hasira, na kila ninayetaka kumkasirikia namkuta ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Dukani kwa Mzee Yeremia, anauza vifaa vya umeme. Nikamuuliza alijuaje kwamba Bakari hakubali.

"Inajulikana."

Inajulikana na nani?

"Mwandishi, hapa si mahakamani."

Nikakaa kwenye kigoda mpaka wateja wawili wakahudumiwa wakaondoka. Ndipo akaniambia. Ujanani, mji mwingine, walipeleka jumuiya kwenye nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akatoka na ndoo ya maji ya kufulia akawamwagia. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika Biblia. Mpangaji, mama mwenye watoto, akafukuzwa siku ya pili. Yeremia aliapa hatamtia mtu mwingine kwenye matatizo hayo. Bakari mwenyewe, Yeremia hakumuuliza kamwe. Alimwona barazani na kofia yake, basi.

Na Salome, kwa nini hakuambiwa? Akanitazama kama nimesema jambo la utovu wa adabu.

"Tungemwambia nini? Kwamba kwako hatuwezi kuja? Tungemwaibisha."

Kwa hiyo tulinyamaza kwa staha. Kila mmoja alimstahi mwenzake, na mwanamke akatandika mikeka peke yake. Sikuweza kumfokea. Nilitamani awe mtu mbaya.

Jumanne, 11 Machi

Mzee Bakari. Alikuwa na gurudumu magotini. Nikamuuliza kama jumuiya ya Wakristo ingeomba kukaa ukumbini kwake kwa saa moja, angekataa?

"Nani kaniuliza?"

Nikasema mimi, leo.

"Bibie, ukumbi huu umechezwa harusi, umelazwa maiti. Mwaka juzi nilikuwa na mpangaji anapiga taarabu mpaka redio inaomba maji. Leo nije nikatae watu wanaomwomba Mungu?"

Kisha akakaza spoki mbili. Aliudhika. Si kwa swali langu. Ni kwa sababu kuna watu wamepita barazani kwake miaka sita, wakamsalimia vizuri, huku wanamdhania hivyo. Aliuliza ni akina nani. Sikumtajia. Nikamwambia mmoja wao ni mimi. Akasema, "Haya." Ana masharti mawili: tusiguse baiskeli za wateja, na tumalize kabla ya magharibi, maana hapo ukumbini ndipo wanapofuturia.

Mazungumzo yote dakika nne. Nimetazama saa.

Alhamisi, 13 Machi

Jumuiya, nyumba ya saba. Baada ya somo niliomba nafasi, nikaeleza kama ninavyoandika habari: nani, wapi, lini, nini. Nilitaja kosa langu kwanza. Mtu mmoja akakohoa. Mama mmoja akasema tumshukuru katibu kwa taarifa, tuendelee na maombi. Wana aibu, na aibu yao ina haraka. Mzee Yeremia akasema jambo hili ni zito, liende baraza la wazee.

Tukaombea Juma la Kuwaendea. Tukawaombea wasiofikiwa. Sikuitikia Amina.

Jumamosi, 15 Machi

Baraza la wazee wa kanisa, ofisini. Nilipewa dakika kumi, nikatumia sita.

Mchungaji ana miaka thelathini na minne, mpole, anapenda utaratibu kwa sababu usharika aliokabidhiwa haukuwa nao. Hakubisha hata jambo moja. Aliuliza swali moja tu: katika miaka hiyo Mama Salome alishiriki Meza ya Bwana? Hapana. Basi asimame mbele kama wengine, hata kwa kubebwa, atubu, apokelewe, na barua atapewa siku hiyohiyo. Wazee wakaafiki. Waliona wametoa jibu la huruma. Kwa vipimo vyao ni la huruma.

Nikauliza, na sisi tulioiruka nyumba yake tunasimama wapi? Mzee mmoja akacheka akidhani natania.

Nje Yeremia akaniambia, "Wewe unataka kesi mpaka kanisani." Nikamwambia ndiyo. Akaondoka bila kuaga.

Wamenikumbusha pia kwamba tangazo la redio la Juma la Kuwaendea naliandika mimi. Wanalitaka wiki ijayo. Liwe na mvuto, wamesema.

Jumatano, 19 Machi

Nimempelekea Salome jibu la baraza. Miguu yote miwili imevimba sasa. Hospitali wamesema ni moyo, wamempa dawa, wamemrudisha nyumbani.

"Nitubu nini?" akauliza. "Nitubu kwamba niliwangoja?"

Hatasimama. Anajua anachokipoteza. Alisema Bakari na wenzake wanajua kuchimba, watamsitiri hapa mjini, na mumewe atamsamehe. Alisema hayo akitazama ukuta.

Nilikaa. Sikuwa na la kufanya na sikutaka kuondoka. Akaniuliza kama huwa naomba. Nikamwambia huwa naita majina. Hakucheka. Akanishika mkono akaniombea, mimi, kwa jina langu. Akataja kazi yangu, barabara ninazosafiri, macho yangu yanayosoma maandishi madogo. Pole pole, kama mtu anayefahamiana na anayesema naye. Mara ya mwisho kuombewa hivyo mama yangu alikuwa hai.

Kwanza niliudhika. Kisha sikuudhika. Miaka ishirini nimehudhuria kila kitu kanisani, na nimegundua leo kwamba nilikuwa nahudhuria kama ninavyohudhuria mahakamani.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi nimeandika tangazo la redio. Sentensi ya kwanza: Tunakuja kwenu. Nimeifuta. Sina ya pili.

Jioni nyumba ya nane. Mzee Yeremia akatangaza zamu ijayo: nyumba ya kumi. Nikasema ya tisa. Akasema ya kumi. Nikasema mwenye nyumba amekubali, nimemuuliza mwenyewe. Akasema mtu ambaye Jumapili huenda akafutwa hawezi kupokea jumuiya Alhamisi. Watu wakatazama sakafu. Nikaandika ya tisa. Akaona ninaandika.

Nimechoka na kanisa hili. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli leo. Nimechoka nalo na sina jingine.

Jumapili, 23 Machi

Majina saba yamesomwa, kutoka jumuiya zote. Wanne wa kwanza: watatu walisimama mbele, mmoja hakuwepo. Jina la tano Salome. Mchungaji akalisoma tena.

Nilitoka kwenye benchi nikaenda kusimama kwenye mstari wa wanaotubu. Sikuwa nimepanga. Mzee wa kanisa wa zamu akaninong'oneza, "Mama Katibu, sadaka bado." Nikamwambia najua.

Nilichosema nakiandika kama nilivyokisema, nisije nikakipamba baadaye. "Salome hakuondoka. Mimi niliandika kwamba kwake hakuendeki, na sikuuliza. Ninalitubu hilo, naomba nipokelewe mimi." Basi.

Mchungaji aliweka kidole kwenye jina la tano. Kisha akafuata utaratibu, kwa kuwa ndivyo alivyo. Akaniuliza maswali yaleyale aliyowauliza wenzangu watatu. Nikajibu. Akaniwekea mkono kichwani pamoja nao. Jina la Salome hakusema limefutwa, hakusema limerudi. Akasoma la sita.

Nje watu walinipisha kama mwenye homa. Mzee Yeremia alikuwa ameshaondoka.

Sijui nimefanya nini. Barua hana bado.

Jumatatu, 24 Machi

Mhariri kapiga simu. Kasikia nimetubu uzinzi mbele ya kanisa zima, katika umri wangu, na anataka kujua kama anipe pole au hongera. Nikamwambia habari hiyo ina chanzo kimoja, asiitumie.

Nimecheka peke yangu kwa mara ya kwanza mwezi huu. Kicheko hakikudumu.

Jumanne, 25 Machi

Saa mbili asubuhi simu ya Mchungaji. Hakutaja Jumapili. Alitaka nimwonyeshe njia.

Alikuja bila joho, na kisanduku kidogo chenye mkate na divai. Barazani alimsalimia Bakari, akajitambulisha, akaomba kuingia. Bakari akamwambia, "Karibu, Sheikh wao," na wote wawili wakacheka kidogo. Mlangoni kwa Salome akavua viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mchungaji? Nilidhani ni mtu mzima."

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, maana kiti nilikuwa nimekikalia mimi na akanikataza nisiinuke. Alimwomba msamaha. Hakusema kwa niaba ya nani, hakueleza baraza liliamua nini, hakutaja utaratibu. Alisema tumekukosea, mama, utusamehe. Salome akanyoosha shuka. Kisha akasema haya, amesamehe, ila tusimzoee.

Wakaungama pamoja. Maneno Salome anayajua yote, hakuyatafuta. Akapokea mkate na kikombe. Nikapokea na mimi baada yake. Nje mtu alikuwa anajaribu kengele ya baiskeli.

Barua Mchungaji aliiandika palepale kwa mkono, akiwa ameweka karatasi juu ya kisanduku. Muhuri uko ofisini na baraza halijakaa tena. Nikamuuliza Maramba wataikubali bila muhuri? Alisema atawapigia mwenyewe, na wazee wakiuliza atajibu mwenyewe.

Tangazo la redio nimemwambia sitaliandika. Hakuuliza kwa nini.

Alhamisi, 27 Machi

Saa kumi, nyumba ya tisa. Mvua ilinyesha mchana ikakatika. Mikeka mitatu ukumbini. Watu wanane kati ya kumi na wanne. Waliobaki wametuma udhuru, mmoja wa kweli.

Mzee Yeremia alikuja na hakuingia. Alikaa barazani kwenye benchi la wateja, mgongo ukutani. Bakari alikuwa upande wa pili, anaziba pancha. Sikusikia wakizungumza. Wimbo wa pili besi ilitokea nje. Yeremia ana besi nzuri, kwetu hakuna mwingine mwenye nayo. Bakari akasimamisha pampu mpaka ubeti ukaisha.

Mlango wa Salome ulikuwa wazi, sisi tukiwa mbele yake. Alisema tunaimba kama watu wanaosukuma gari. Tukarudia wimbo kwa kasi zaidi. Somo lilikuwa fupi. Zamu ya kuomba ikawa yangu. Sikuona nuru yoyote. Nilimtaja yeye, na miguu yake, na dawa zinazomtapisha, na watu wa nyumba hii mmoja mmoja. Ilichukua muda. Nilipofumbua macho alikuwa amelala.

Tukamaliza saa kumi na moja na nusu. Tukakunja mikeka. Mke wa Bakari akaanza kupanga sahani za futari palepale tulipokuwa.

Kabla hatujaja Salome alikuwa amempa Bakari ile barua amtunzie. Haikumshangaza yeyote pale ndani. Mama akifariki, Bakari ndiye atakayejua kwanza. Bakari alinionyesha alipoiweka, kwenye bahasha moja na hati ya nyumba. Ameisoma yote. Aliniuliza kama njia ya Mabokweni kwenda Maramba inapitika na gari la mizigo masika yakichanganya.

Nikamwambia kule tukikwama, tutapitia Muheza.